Suruali ya Merikani na Njia ya Dodoma

Inatangazwa kwa wasomaji wote, wa bomani na wa porini, wenye vyeo na wasio navyo, kwamba leo ukurasa huu utazungumza habari za nguo ya ndani ya mwanamke msafiri. Jambo hili Wadachi hawajalitolea amri, halina kodi, wala hakuna akida aliyetumwa kulikagua. Kwa sababu hizo huenda tukalimaliza kwa amani. Barua yenyewe ni hii.

*

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na naomba usinicheke, au ucheke kwanza uishe ndipo uandike. Mimi ni mke wa Yahaya wa hapa Kolo, na binti yangu Mwajabu yuko Dodoma na mumewe anayevunja kokoto za reli, na Mwajabu ana mimba ya kwanza, naye ametuma neno kwa wabeba asali kwamba, “Mwambieni mama aje, mimi mikononi mwa mama mkwe sizai,” na mwezi wake ni huu unaokuja. Basi nikafunga safari na wifi yangu Mishi na wenzetu, na kabla ya kuondoka, Hana, mke wa karani wa boma la Kondoa, akaniambia ule ubinda wetu, kitambaa cha kupitisha katikati ya mapaja na kufunga kiunoni, ni mambo ya vikongwe, akanishonea suruali fupi ya ndani ya kitambaa kipya cha merikani, yenye kamba, nami nikaivaa vilevile na dondo lake la dukani, ule wanga wa kukazia nguo, bila kuifua, maana kwetu nguo ukiifua kabla ya kuivaa watu husema umerithi, na ile ilikuwa ikilia kwaru kwaru kila hatua, na mimi, Mungu anisamehe, nilipenda wenzangu wasikie.

Siku ya kwanza nikafurahi, siku ya pili jasho na vumbi vikaingia, lile dondo likawa uji, kisha uji ukakauka ukawa ukoko, na siku ya tatu, tulipofika Kelema, mapaja yamechubuka nashindwa hata kukaa, na Mishi ananiambia mbele za watu, “Wifi, mbona waenda kama bata anayetafuta pa kutagia?” na mimi kwa aibu nikasema nimechomwa mwiba mguuni. Wao wakaendelea, mimi nikarudi polepole na wabeba chumvi.

Sasa kilichonileta kwako ni hiki. Mume wangu kwa mapenzi yake akamwita mganga, mganga akauchanja mguu wangu mzima, akaumumunya, akautoa mwiba! Mwiba mrefu, mshauri, kama kidole, na mimi najua mguuni hamkuwa na kitu. Yahaya ameuchomeka kwenye paa la nyumba, kila mgeni anaonyeshwa, na kila nikisema niende kwa mwanangu ananiambia, “Mke wangu, mguu ulioficha mwiba kama huu hauendi popote, Dodoma wanawake wapo.” Nikisema kweli namwaibisha mume wangu, na mganga, na mimi mwenyewe, nikinyamaza mwanangu anazaa bila mimi. Nifanyeje, na nikipata kwenda nivae nini? Jina langu usilitaje.

Mwenye aibu, Kolo

*

Mama Mwajabu,

Umeniomba nisitaje jina lako, kisha ukataja la mumeo, la binti yako na la wifi yako. Nimeyabadilisha yote. Lakini Kolo si mji mkubwa, na bata nao wanajulikana.

Pole kwa mapaja. Nimewapikia wapagazi mara nne kutoka Kilimatinde hadi Bagamoyo, na maumivu hayo nayajua kuliko ninavyojua Sala ya Bwana. Pole yangu inaishia hapo. Kelema ni siku tatu kutoka kwako: ulichubuka kwenda, ukageuka, ukachubuka kurudi, na kwa hatua zizo hizo ungekuwa umebakiza siku chache tu kumfikia mwanao. Ungemvuta Mishi kichakani, ukamwambia, “Wifi, nimeungua huku,” angecheka mpaka akohoe, kisha angekupa kanga yake iliyochakaa. Mawifi wameumbwa kwa kazi hizo mbili.

Tuje kwenye nguo. Hana hana kosa la suruali, ana kosa la kukushonea akiwa amekaa. Karani haendi Dodoma kwa miguu, wala mkewe. Merikani mpya ni nguo ya kusimama nayo barazani. Ukitaka kutembea nayo, ifue mara tatu, uipigepige juu ya jiwe mpaka ilegee kama sikio la mbuzi, na anayesema umerithi mwambie ndiyo, nimerithi kwa mama mwenye akili. Na mshono uwe upande wa nje. Ngozi haina haja ya kuona kazi ya fundi.

Lakini kwa safari hii rudia ubinda. Chukua kaniki ya zamani, iliyofuliwa mwaka mzima, pana ya kutosha kukinga paja na paja, uifunge mbele, si ubavuni ambapo mzigo utaikandamiza. Chukua mbili. Moja iwe mwilini, ya pili ikauke juu ya mzigo, na atakayeuliza ni nini mwambie ni kitambaa cha kuchujia asali. Shanga za kiunoni zivue, umwachie Yahaya azilinde. Atapata kitu kingine cha kuangalia zaidi ya paa. Kila alfajiri jipake mafuta ya mkia wa kondoo mahali panaposuguana, na mpumzike jua likipanda. Maji yakiwa haba, jifute kwanza, kunywa chai baadaye.

Sasa huo mguu. Umejifunga mwenyewe kwa uongo, na mganga amekaza fundo. Hata hivyo angalia vizuri: ulisema kuna mwiba, na mwiba umetoka. Upo kwenye paa, wageni wameuona. Basi mguu umepona, na shahidi wako ni mganga mwenyewe. Mwambie mumeo hivyo, kwa upole, ukiwa umesimama juu ya mguu huo mmoja. Akikataa, anasema mganga wake hajui kazi. Sidhani atapenda kusema hivyo mbele ya wageni.

Kweli yote mwambie ukirudi, siku utakayomletea habari za mjukuu. Babu mpya husikia nusu ya maneno. Wala usikae ukingoja mguu upendeze. Mimba haijui kungoja.

Nilijua gazeti hili litachelewa, kwa hiyo nilimtuma Ruthu, mke wa mnyapara Seth, aliyekuwa akipanda Kondoa na msafara, akupe majibu haya kwa mdomo. Amerudi juzi. Hakufika Kolo. Alikukuta Haneti, umekwisha kupita nusu ya njia, ukamsikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

Anasema ulimwambia ndani hukuvaa kitu.