Sisimizi Kwenye Shokapu

Alhamisi, 6 Julai 1995

Ondoa machuma yako uani kwangu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Kabula asubuhi hii, kabla hata hajaniamkia. Ua huu naufagia kila siku, mtaa mzima wa Pasiansi wanajua. Halafu mjukuu wangu anachuchumaa katikati yake na spana, sketi kaikunja magotini, mikono myeusi hadi viwiko. Mwanamke mzima, mfanyakazi. Jumamosi wanakuja watu wa Anatoli, mchumba wake, kumposa. Wahaya wale, wasomi. Shangazi yake ni mwalimu mkuu. Watamkuta hivi.

Pikipiki yake kaiinua, injini kaiegemeza juu ya gogo, tairi la mbele kalitoa. Anasema mafuta ya shokapu za mbele, yale mabomba mawili ya kupunguza mtikisiko, yamechoka, yamekuwa kama maji, na msimu wa pamba ndio huo umeanza. Tangu wanunuzi binafsi waingie, kampuni yake inamtuma kila kijiji na mizani. Barabara zenyewe tunazijua.

Sitaki kujua habari za shokapu. Jirani yangu Mama Shija kachungulia juu ya minyaa ya mpakani, akaniuliza kama nimefungua gereji. Nimeona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Ijumaa, 7 Julai

Bado yuko palepale. Leo kazichomoa zile shokapu mbili, kazigeuza kichwa chini, akawa anazisukuma kama pampu ya baiskeli. Yametoka mafuta meusi, yananuka samaki aliyeoza. Kisha akatia mapya, ya kwenye kopo alilonunua kwa Lameki, mwenye duka la vipuri kule Mabatini. Akapima kwa kijiti. Kushoto, kulia, tena kushoto. Chumvi ya mboga hapimi hivyo.

Kazisimamisha ukutani, midomo wazi, kazifunga kwa kanga yangu. Kanga yangu. Eti zikae hivyo mpaka kesho, hewa itoke. Zinapumua, bibi, usiziguse.

Chuma kinapumua. Nimemwambia akapumue yeye kwa msusi kesho asubuhi, kichwa chake kimekuwa kiota cha kunguru.

Jumamosi, 8 Julai

Nimefanya ujinga.

Wageni wamewahi. Kabula yuko kwa msusi, mimi na upawa mkononi, nasikia Mama Shija anawaelekeza njia. Pikipiki nikaitupia turubai. Shokapu nikazikumbatia kama pacha, nikakimbilia stoo, nikazilaza nyuma ya magunia ya mahindi. Nikajifuta. Nikatoka kupokea shikamoo zangu.

Baadaye nikarudi stoo kuchota mafuta ya kukaangia kuku. Sakafu inateleza. Mafuta yake yote yamemwagika, gunia moja limelowa. Nikasimama na kata yangu ya mafuta ya pamba. Nikasema moyoni, mafuta ni mafuta. Nikazisimamisha, nikajaza moja, nikajaza ya pili, kwa macho tu, kama namimina chai. Wageni wako sebuleni, nikazirudisha ukutani, kanga nikaifunga vilevile, na gunia tupu juu yake.

Halafu tumekula. Yule shangazi kafuta mikono, kauliza, pikipiki iko wapi? Anatoli kamsimulia, naye alikuwa na hamu aione. Anasema kwao wanatafuta mwanamke anayejiweza. Nikasema iko kwa fundi. Kabula alikuwa ameshaingia, amekaa mkekani na nywele zake mpya. Kanitazama mara moja, akainamisha kichwa.

Nilikuwa namficha mtu waliyekuja kumtafuta.

Jumapili, 9 Julai

Wameleta jibu baada ya misa. Wamemkubali. Shangazi kasema bibi yake Kabula ni mama hodari, kalea.

Kabula katia springi, kafunga vifuniko, karudisha tairi. Hakupima tena. Apime nini, alishapima. Mimi niko hapo kwenye kigoda nachambua mchele. Nilitaka kumwambia, nikaendelea kutoa mawe. Nilikuwa bado naisikia ile mama hodari.

Alipokaza nati ya mwisho akasema, haya bibi, fundi wako kamaliza. Sikucheka.

Jumatatu, 10 Julai

Kaenda Kisesa na mizani. Ua nimeufagia mara tatu.

Karudi jioni kiwiko kimechunika. Anasema mbele inanesa kama kitanda cha kamba. Ng'ombe waliingia barabarani, akashika breki, pikipiki ikainama pua, ikamtupa kwenye majani. Angekutana na lori tungekuwa tunazungumza mengine.

Nimemwosha kwa maji ya chumvi. Narudia palepale tena na tena, naye ananibembeleza, si kitu bibi, nimepona. Na mimi nikafungua kinywa nikamwambia nilishasema pikipiki si kazi ya mwanamke. Nilisema hivyo. Nimemwangusha mwenyewe, halafu nikamgombeza kwa kuanguka.

Jumanne, 11 Julai

Sisimizi. Nimewakuta nikifagia. Mstari mmoja kutoka ukutani, wanapanda tairi la mbele, wanazunguka shokapu pale mafuta yanapovujia. Niliwafagia. Wakarudi. Nikamwaga majivu, wakapita pembeni.

Kabula kawaona. Akagusa kwa kidole, akanusa, akaonja. Mafuta ya pamba, akasema. Nikashika ufagio nikisubiri anigeukie.

Hakunigeukia. Alisema, Lameki mshenzi. Siku hizi kila mtu ana duka, kila mtu anachanganya, ndiyo biashara huria hiyo. Kachukua lile kopo tupu, kampitia Anatoli kazini kwake, wakaenda Mabatini. Karudi amechangamka. Kamwita Lameki mwizi mbele ya wateja. Anatoli naye kaongeza la kwake. Lameki akaapa kwa marehemu mama yake, watu wakacheka.

Mimi nilikuwa nasonga ugali. Nikaendelea kusonga.

Jumatano, 12 Julai

Kaja. Lameki mwenyewe, kwa miguu, jua la saa sita. Shikamoo mama. Marahaba.

Kaleta kopo jipya, halijafunguliwa, na hataki malipo. Kasema yeye hakuchanganya, lakini afadhali apoteze kopo kuliko binti wa watu aanguke kwa jina lake. Tangu jana wateja wananusa kila kitu. Mmoja kamwuliza kama ana mafuta ya kukaangia sato. Alitaka tucheke hapo. Kabula kapokea kopo bila ahsante, kama anapokea haki yake. Lameki chai kaikataa. Shati lake limepigwa pasi vizuri. Kavaa shati zuri kuja kwangu kujisafisha.

Watoto wa mtaa huu wote nimewatandika wakisema uongo. Wote.

Alhamisi, 13 Julai

Nimemwambia Kabula, kabla ya chai. Niliyamwaga mimi. Nilijaza ya pamba mimi. Lameki hana kosa.

Kakaa juu ya gogo. Nilitaka apige kelele. Aliniuliza jambo moja tu, Jumatatu uliponiosha kiwiko ulikuwa unajua? Nikasema nilikuwa najua.

Jogoo wa Mama Shija akapita, akarudi.

Kisha Kabula akanyanyuka, akaniletea spana. Bibi, shika hapa. Nikashika. Tumezichomoa pamoja, tumezigeuza, ua mzima ukanuka vitumbua. Tumezisuuza kwa mafuta ya taa, zikakauka. Mama Shija kachungulia. Nikamwacha achungulie, kanga yangu nyeusi tii, nimechuchumaa chini na magoti yangu haya. Akauliza, gereji imeajiri? Nikamwambia ndiyo, na mwanafunzi ni mimi.

Kabula akatia mafuta ya Lameki. Akanipa kijiti. Pima, akasema, hakusema bibi. Nikapima kushoto, nikapima kulia, nikarudia mpaka alipoitikia kwa kichwa.

Sasa ni jioni, zimesimama ukutani, midomo wazi. Kiwiko chake kimeanza kukauka. Kala ugali wangu, hajasema mengi. Kamtuma mtu amwambie Anatoli aje kesho.

Shokapu zisiguswe. Kukicha Kabula atie springi, afunge tairi, anipakie nyuma mchana kweupe. Tupite barabara kubwa, tumpite Mama Shija na shangazi kama bado yupo mjini, tufike Mabatini. Anatoli atangulie kwa miguu, naye anisikie nikimsafisha Lameki. Kabula asinishushe haraka. Asubiri duka la Lameki lijae watu, ndipo anishushe.