Nilivyoimba Siri Yako Kwenye Duara

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Septemba.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wetu,

Hujambo? Na wifi yangu, ambaye sijawahi kumtia machoni, hajambo? Kifua chako kimepona, au bado unakohoa kila asubuhi na kusingizia vumbi? Sisi huku tunapumua. Goti langu linanisumbua nikipanda ngazi, lakini goti si habari. Shinikizo la damu la Mama lilikuwa limetulia. Kwa nini nasema lilikuwa, utaona mwenyewe. Kama umesimama, keti kwanza.

Kwaya yetu imeletewa mwalimu. Ni mama mmoja mwembamba, mfupi, ukimwona utadhani hawezi hata kuita mtoto aliye nje, kumbe! Amekuja kutufundisha kuimba papo kwa papo, yaani bila karatasi na bila kujua wimbo unakwenda wapi. Warsha ni kila Jumamosi alasiri, kwenye darasa la shule ya msingi nyuma ya posta. Tunasukuma madawati ukutani, tunavua viatu, tunasimama duara watu kumi na wawili. Mama naye yumo, na miaka yake sabini na moja, sauti ya pili, hakosi.

Mmoja anatupa mstari mfupi, chochote kinachomjia mdomoni, anaurudia na kuurudia. Wengine wanaudaka, wanaujengea sauti za juu na za chini. Hakuna kuuliza, hakuna kusahihisha, hakuna kucheka. Mstari ukishakaa sawa, mwanzilishi anaongeza mstari wa pili. Wiki tatu nzima nilijificha nyuma ya fundi saa wetu, yule mwenye besi na mgongo mpana, nikiomba zamu isinifikie. Wewe unanijua. Nipe karatasi niimbe mpaka kesho, ninyang'anye nakuwa bubu.

Sasa sikiliza. Tangu ile simu yako ya mwezi wa sita sina raha. Uliniambia umeoa, umetulia huko, na nyumbani hurudi tena ila kwa kutembea. Ukaniapisha nisimwambie Mama mpaka wewe mwenyewe upate ujasiri. Jamani, ujasiri wenyewe unakuja kwa miguu? Miezi mitatu namtazama akihesabu wiki za kurudi kwako moja kwa moja mwezi wa kumi na mbili. Ananiuliza kama utapenda chumba cha mbele au cha uani, nami nakimbilia jikoni kusugua sufuria iliyo safi. Ulinitwisha mzigo ukaenda zako. Nimekukasirikia, na nakuambia wazi.

Jumamosi ya wiki iliyopita zamu ikanikuta. Mwalimu alinisogeza katikati, akaniambia nisifikiri, maana anayefikiri ameshachelewa. Nilikuwa nimejiandalia kamstari kuhusu mvua tangu nyumbani, kwa wizi. Nilipofungua mdomo, mvua haikutoka. Kilichotoka ni, "Hatarudi, hatarudi, kijana wetu hatarudi."

Unadhani walinihurumia? Sheria ni sheria. Fundi saa akaudaka kwa besi, muuguzi wa zahanati akapanda nao juu, watu wakaanza kupiga makofi taratibu. Na Mama, macho kayafumba, akaingia na sauti yake ya pili: hatarudi, hatarudi. Haki ya Mungu nakuapia, hatujawahi kuimba kitu kizuri vile. Mwalimu alikuwa anatabasamu tu. Akanipungia mkono niongeze mstari wa pili.

Hapo ningeweza kujinusuru. Ningetaja ndege, ningeirudia mvua yangu. Wapi! Nikaimba, "Ameoa huko, dada yake anajua." Nimemwaga mtama penye kuku wengi, na kuku wote wakauimba.

Mama alifumbua macho. Hakuacha kuimba. Aliniangalia mimi tu, akaurudia mstari ule mara nne, mara tano, mpaka mwalimu aliposhusha mikono. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Muuguzi akaja kunikumbatia, eti nina kipaji nilikuwa nakificha. Kipaji! Nusura nimzabe kofi, maskini wa watu.

Tulirudi nyumbani pamoja. Alizungumzia nyanya, akazungumzia bomba la jirani linalovuja. Juu yako, kimya. Mara mbili nilijaribu kuanza, na mara zote akaniomba nimshikie mkoba. Jumatano muuguzi alimpima, shinikizo limepanda. Chakula anagusagusa tu, na zile wiki hazihesabu tena. Hasira zake nazijua, tumekua nazo wewe na mimi. Kimya hiki sikijui, na kinanitisha.

Nisamehe. Mdomo huponza kichwa, ila safari hii wangu umeponza kichwa chako. Sitajitetea kwamba ni sheria za duara. Lakini nawe siri ya kumficha Mama unampa mtu anayekula naye sahani moja, ulitegemea nini?

La jana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mama mwenyewe aliinua mkono kuomba zamu, yeye ambaye siku zote huwaachia wengine. Akasimama katikati, akavua miwani, akaanza chinichini, "Mimi mama yake sijaambiwa." Hakuna aliyeuliza. Fundi saa akaudaka, muuguzi akaudaka, nami nikaingia. Watu kumi na wawili tunaimba, mimi mama yake sijaambiwa. Ulipokaa sawa, tukangoja mstari wa pili. Mwalimu akampungia mara moja, mara mbili. Mama hakuongeza kitu. Aliurudia uleule mpaka sauti ikamkatika, akaenda kukaa kwenye dawati la watoto.

Basi mpigie. Usinipigie mimi kuniuliza yukoje, mpigie yeye. Kuanzia saa nne asubuhi yuko nyumbani, na simu anaiweka karibu na redio. Akikugombeza, kaa kimya ugombezwe.

Shangazi anakusalimu, na wanangu wanamsalimu mjomba wao. Fundi saa anauliza kama ile saa aliyokutengenezea bado inatembea. Msalimie sana wifi, mwambie sina kinyongo naye hata chembe, na siku akija nitampokea kwa mikono miwili. Mungu awalinde, aijaze nyumba yenu amani na mazungumzo.

Mama nilimwambia nakuandikia, nikamwuliza nikupe salamu gani. Akasema yeye hana salamu za kutuma, anazo za kuitikia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikikukasirikia.