Kiti Nilichokikaribisha

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Kiwanda cha Kufulia Nguo.
Jumapili, tarehe 9, mchana.

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili, maana ya kwanza najua umeipokea huku unafanya kazi nyingine. Hujambo mama yangu? Miguu haivimbi tena? Presha unakwenda kupimwa, au bado ni kesho, kesho? Ukinijibu, anza na afya kwanza. Una tabia ya kuiweka mwisho ukaishiwa karatasi. Mimi mzima wa afya, namshukuru Mungu, ila mikono imebabuka kwa sabuni, na uso umenikonda kidogo. Usijali, kukonda kwenyewe kumenipendeza.

Baba mdogo hajambo? Bado anabishana na redio? Mwambie huku redio naisikiliza nami, nusu naielewa, nusu nayo nabishana nayo vivyo hivyo.

Kazini si haba. Wamenitoa kwenye mashine za kufulia, sasa nipo kwenye kupiga pasi mashuka ya hospitali. Msimamizi wetu, ambaye tunamwita Twiga kwa ile shingo, hana maneno mengi, na mimi lugha yenyewe sina, basi tunaelewana vizuri sana.

Sasa nikupe habari za chuo cha ukunga. Walikubali kuniita kwenye usaili! Nilipiga kelele mpaka jirani yangu wa chumba cha pili, yule fundi wa nywele, akadhani nimeungua. Lakini furaha haikukaa. Usaili wote ni kwa lugha yao, na unajua mimi lugha yao ninayo ya sokoni na ya pasi: bei gani, moto, lete, kunja. Umri nao ndio unanitupa mkono, mwakani hawanipokei tena. Nikikosa safari hii, Mama, basi tena, mashuka mpaka mvi.

Fundi wa nywele akanishauri nifanye mazoezi na mtu. Mtu gani? Yeye anarudi jioni hajiwezi, na hapa kila mmoja yuko mbioni. Nikaamua kujitengenezea mtu. Nilichukua kiti, nikakiweka upande wa pili wa meza, nikakivisha koti jeupe la daktari ambalo lilisahaulika kiwandani na hakuna aliyelifuata. Kikawa Mkuu wa Chuo. Kila jioni nikitoka kazini, naketi mbele yake. Nauliza swali badala yake kwa sauti nzito, kisha najijibu kwa sauti yangu.

Usicheke. Au cheka, maana na mimi nilicheka. Kosa langu, Mama, ni malezi yako. Ningeketije mbele ya mkubwa bila kumsalimia? Basi nikawa nakiamkia kiti. Ningekunywaje chai mtu yuko mbele yangu ananitazama? Nikawa nakimiminia na chenyewe. Siku moja nikakiambia, kwa lugha yetu, kwa moyo mweupe kabisa: karibu, hapa ni kwako, usione haya. Yalinitoka tu, kama yanavyomtoka yeyote aliyelelewa nyumbani kwako.

Tangu siku hiyo, ile sauti nzito ikaanza kujua mambo.

Sijui nikuelezeje. Mdomo ulikuwa wangu. Ila swali likitoka, ndani yake kuna neno ambalo sijawahi kulisoma wala kulisikia. Nafungua kamusi, nalikuta! Tena limekaa pale pale linapotakiwa kukaa. Nikajiambia, ah, ni redio, masikio yameokota bila kuniaga. Na Mama, lugha ilinipanda. Twiga mwenyewe alinisimamisha akaniuliza nimesomea wapi.

Kisha fundi wa nywele akaniambia, tukiwa tunaosha vyombo, "Mgeni wako anaongea vizuri jamani, kama mtangazaji. Ila mbona simuoni akitoka?"

Nikamwambia hakuna mgeni, ni mimi najifunza.

"Haya," akasema. "Na Jumanne mchana je? Nilirudi kuchukua mkasi, nikamsikia anasoma humo ndani peke yake. Sikutaka kumsumbua."

Jumanne mchana nilikuwa kwenye pasi, Mama. Watu wote wa kiwandani wanajua.

Najua utasema kwa nini sikukitoa kile kiti nje siku hiyo hiyo. Nilikishika mgongo, wallahi nilikishika. Lakini usaili ulikuwa umebaki siku chache, na mgeni uliyemkaribisha kwa mdomo wako utamfukuza kwa mdomo upi? Kusema kweli zaidi, niliogopa kufeli kuliko nilivyoogopa kiti. Nikaketi, nikaamkia, nikaendelea.

Maswali nayo yakaanza kuhama. Mwanzo yalikuwa ya chuo: kwa nini ukunga, utafanya nini mama akitokwa na damu nyingi. Sasa yakawa ya nyumbani. Nani alikulea? Namjibu, mama mdogo. Yuko wapi? Namjibu, yuko nyumbani, mzima. Hapo ile sauti inaniambia kwa upole, "Jaribu tena." Nikadhani nimekosea kusema. Napanga maneno upya: mama mdogo yuko nyumbani, ni mzima wa afya. "Jaribu tena." Nikasema kwa kila namna niliyoijua, mpaka nikalia kwa hasira, na kila mara ni jaribu tena, jaribu tena, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Nilikasirika, si utani. Nikalivua lile koti, nikalikunja, nikaliweka chini ya kitanda. Hiyo ilikuwa siku moja kabla ya usaili.

Asubuhi yake nilikwenda. Chumba kikubwa, madirisha marefu, sakafu inanuka dawa. Walikuwa watatu nyuma ya meza: mkuu wa chuo, ambaye ni mwanamama mwenye miwani; daktari mwenye kitambi; na mkunga mmoja mtu mzima mwenye mikono mizuri. Pembeni karani, kazi yake kuandika yanayosemwa. Nikaketi. Ulimi ukanikauka kama pasi imepita juu yake. Yote niliyojifunza, kwishnei.

Mkunga akanionea huruma, akaniuliza lililo rahisi: nani alikulea?

Swali nililielewa, neno kwa neno. Nikafungua mdomo niseme mama mdogo. Mama, yakatoka mengine. Yakatoka kama bomba lililopasuka, lugha yao safi, yenye mapambo, na mimi nimekaa nayo nayasikiliza kama mpita njia. Nilifanya na mzaha katikati, wote watatu wakacheka, daktari kitambi kikamtikisika, na mimi nikacheka pamoja nao bila kujua nilichosema. Kisha wakaacha kucheka. Mkuu akavua miwani. Mkunga akatoa leso. Na mdomo wangu bado unakwenda, taratibu sasa, nami nauambia nyamaza, nyamaza, hausikii.

Uliponyamaza, mkuu wa chuo alisimama, akazunguka meza, akanikumbatia. Akasema nimepata nafasi, masomo mwezi ujao, na bweni watanipa. Hilo nililielewa vizuri.

Mama, nimeanza na habari za Twiga na za redio kwa sababu naogopa kufika hapa.

Karani alinifuata kwenye korido, akanishika mkono, akasema kitu harakaharaka. Nikamwomba arudie polepole. Akanishangaa, maana sasa hivi tu alinisikia nikiongea kumshinda yeye. Akarudia, neno moja moja. Alikuwa ananipa pole ya msiba. Nikamuuliza msiba wa nani. Akadhani ni uchungu unanisemesha. Akasema, wa mama yako mdogo. Umetuambia alivyolala ubavu akitazama mlango, na kila anayeingia anamuuliza kama mwanawe ameshafaulu, mpaka akawa haulizi tena.

Sikusema hivyo! Mimi siyajui hayo. Wala nisingeyasema, hata kwa kupewa chuo kizima. Nilitaka kurudi ndani niwaambie ni uongo, wachukue nafasi yao, ila maneno ya kuwaambia hivyo sikuwa nayo. Hata moja.

Nimepiga simu ya dukani kwenu tangu juzi. Inaita mpaka inakata. Najua yule muuza duka ni mvivu wa kupokea simu, na umeme huko kwenu ndio huo. Najua. Lakini ndiyo maana barua hii nampa dereva wa lori la sabuni anayekuja huko, nimemwambia asiipeleke posta, aifikishe mkononi.

Msalimie sana baba mdogo. Wasalimie wadogo zangu wote wanne, na yule wa mwisho mbusu shavuni. Msalimie na shangazi, hata kama bado mmenuniana. Salamu hizi uzigawe wewe mwenyewe, usimtume mtu. Na majibu uniandikie kwa mkono wako, hata neno moja, hata la kunitukana kwamba nimekuzushia mabaya. Nitakuwa mtoto wa kwanza duniani kufurahia matusi. Mungu akuweke, Mama. Akuweke, akuweke.

Na kama umelala ubavu unatazama mlango, basi huyu anayekusomea barua hii asimalize kwanza. Asogee karibu na sikio lako akwambie: amefaulu.

Ni mimi wako, ninayekupenda mno,
Mwanao uliyemlea.