Mrithi wa Mkono Wako

Tata,

Jumamosi timu yenu ya walimu ilishindwa tena na wenye maduka. Sikuandikii kwa machozi. Ni kinyaa.

Ulipofariki, Mwalimu Paulo alikuwa ameshaacha kucheza kwa sababu ya macho, na Mwalimu Yoeli kwa sababu ya goti. Ninyi watatu ndio mliofanya wenye maduka wa Miembeni waje kwenye kriketi wakiwa wameshakata tamaa. Unamkumbuka yule muuza vitambaa? "Mwalimu, leo rusha pole pole, mke yangu naangalia!" Ukacheka, kisha ukaviangusha vijiti vyake kwa mpira wa kwanza.

Nilidhani timu itatafuta wanaoweza. Badala yake wazee wa timu walikuja kwetu Nshambya siku ya kumtaja musika, mrithi wako, wakaketi juu ya nyasi zilizotandikwa, wakasema nafasi ya mtu uwanjani nayo ni ya mwanawe wa kwanza. Kaka Petro akakalishwa kwenye kiti chako. Akapewa mundu wako, kibanja chako cha migomba, na mpira wako wa kriketi. Paulo na Yoeli wakafurahi, nao wakataja wana wao. Timu nzima imerithiwa kama migomba!

Na mimi? Mimi ndiye niliyepitisha kahawa ya kutafuna. Ukiwa kitandani uliniambia: "Mpira mpe Stefano." Mwalimu Stefano wa Ngenge, uliyemfundisha kurusha kila jioni nyuma ya kanisa. Mimi peke yangu nilisikia. Nikawapigia wazee magoti, nikawanyooshea kikapu cha kahawa, nikanyamaza. Kinyaa changu kinaanzia hapo, Tata. Kinaanzia kwangu.

Petro hawezi, na anajua kwamba hawezi. Jumamosi mipira yake ilipita mbali na vijiti, mmoja ukaingia kwenye majani ya chai ya akina mama waliokuwa wakipika kando ya uwanja. Muuza vitambaa akapaza sauti: "Ngoja, ngoja, mpe mara moja tena mtoto ya mwalimu!" Hakumdhihaki. Alimhurumia, na hilo lilinichoma zaidi. Stefano alikuwa pembeni akigawa maji. Wazee wakapiga makofi, wakasema mkono wa baba utamfikia taratibu. Kana kwamba mkono wako ulikuwa mali ya ukoo, si kazi ya miaka.

Leo asubuhi Petro aliufunga mpira kwenye kitambaa, akauweka juu ya kabati. Hakunitazama. "Dada, wewe ulikuwa naye siku za mwisho. Alisema nini juu yangu?"

Nikaenda kumenya ndizi, na nikazimenya vibaya.

Alikuwa akiniomba nimtue mzigo, sasa naelewa. Huenda pia atanichukia. Jumapili baada ya ibada, wazee wakiwa bado uwanjani pa kanisa, nitakwenda na mpira mkononi, nitampa Stefano mbele yao, na nitasema ulichosema.

Pumzika, Tata. Safari hii sitapiga magoti.

Binti yako,
Koku