Kwa Damaris, Aliyekataa Paka Auawe

Mwaka umetimia, Damaris Nyanchera, tangu ulipoanguka kwenye cherehani yako hapa Nyaramba, sketi ya shule ikiwa bado chini ya sindano.

Kwa kawaida familia ingesema ulikuwa mpole na kuishia hapo. Hukuwa mpole. Uliwakemea wazazi waliochelewa kuchukua sare, kisha ukawabadilishia watoto wao vifungo bila kuombwa. Lakini sokoni wapo wanaosema paka ndiye aliyekuua, na mjukuu wako Bathsheba, mwenye miaka tisa, amewasikia. Yeye anaamini kosa ni lake. Kwa hiyo tutaeleza yaliyotokea.

Paka huyo hakuwa na mwenyewe. Alikuja wakati wa mvua, mbavu zikihesabika, sikio limechanika, akajilaza kwenye kapu lako la vitambaa. Mumeo Ogeto alikuonya, "Ukimlisha leo, kesho atahamia."

Ukamjibu, "Hata wewe nilikulisha mara moja tu."

Siku Bathsheba alipojaribu kumtoa uzi mdomoni, paka alimuuma kidole gumba. Ulikiosha kidole kwa sabuni chini ya bomba, muda mrefu, mtoto akilia, kisha ukampeleka akachanjwe. Mliporudi, mlikuta wanaume uani wakiwa na fimbo.

"Mama Haron, tupishe," alisema jirani yetu Obwocha. "Paka akiuma mtu anauawa. Hata babu zetu walijua hivyo."

"Babu zetu hawakuwa na namba ya Cleophas," ulimwambia. Cleophas ni afisa wa mifugo, na ulikuwa umempigia ukiwa njiani. "Amesema afungiwe siku kumi, aangaliwe. Mkimuua sasa hivi, nani ataniambia kama ana kichaa cha mbwa?"

"Na akikuuma wewe?"

"Basi mtapata cha kusema sokoni."

Waliondoka wakinung'unika. Paka akaingia banda la kuku, na kuku wakalala jikoni. Kila asubuhi ulichuchumaa mbele ya waya na dagaa wa omena mkononi, ukiangalia kama anakunywa, kama anayumba, kama anatokwa na mate. Sisi ulituambia neno moja tu: "Anakula." Asubuhi moja hakugusa maji. Ulikaa pale juu ya jiwe, cherehani imefunikwa, wateja wakikuita, hukuitika. Karibu na adhuhuri aliinuka akanywa. Ulizunguka nyuma ya nyumba ukatapika. Ogeto ndiye aliyekuona.

Sindano zilizobaki zilipatikana Kisii mjini, na tarehe ya mojawapo iliangukia siku ya kliniki yako ya presha. Ogeto alikuuliza, "Na kliniki yako?"

"Presha nimeizoea. Sindano ya mtoto haisogezwi."

Mlikwenda Kisii. Bathsheba alimaliza sindano zote. Paka alitoka bandani mzima, na mpaka leo yupo. Kliniki hukuirudia. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, sare zilikuwa nyingi, nasi hatukukusukuma.

Ulipopatwa na kiharusi, daktari alisema mshipa wa damu umepasuka kichwani. Tulimuuliza kama siku ile moja ndiyo iliyokuondoa. Alijibu kwamba presha ya miaka mingi haiwezi kuwekwa juu ya siku moja. Zaidi ya hapo hajui. Hata sisi hatujui, na hatutabuni jibu ili tulale vizuri.

Tunachojua ni hiki: mtoto hakukutuma. Uliulizwa, ukajibu, ukavaa viatu.

Tulipoanza kuandaa tangazo hili la kumbukumbu, Bathsheba alimwambia baba yake, Haron, "Jina langu msiweke. Watu watasema, ndiye huyo." Haron hakubishana naye. Alimsomea maneno yote yaliyo hapo juu, pamoja na ya kliniki.

Mtoto akauliza, "Magokoro aliogopa?" Ndivyo alivyozoea kukuita, kwa Kigusii, wewe bibi yake.

"Aliogopa sana," alisema Haron.

"Yule paka?"

"Hapana. Aliogopa kukupoteza wewe."

"Na hakuniambia?"

"Hakukuambia. Angekuambia, nawe ungeogopa."

Aliangalia karatasi, akatafuta mahali majina yanapoanzia. "Basi andikeni," alisema. "Lakini msiniweke mbele."

Wanaokukumbuka ni mumeo Ogeto. Wanao Haron na Kemunto. Jirani yako Obwocha, aliyeomba awemo. Na mjukuu wako Bathsheba.

Hatujakusahau, Damaris, wala hatutakusahau kamwe.