Matairi ya Meno Kwenye Kinamasi cha Baba

Mjomba Leander mpendwa, mshauri wetu wa gazetini, naomba msaada wako kabla sijamvunjia mtu pampu ya hewa kichwani, maana hapa Shoal Tickle nimekuwa kichekesho na kosa si langu.

Unajua mwenyewe, Mjomba, kwamba hapa Newfoundland mtu atakuazima mashua yake, atakugawia nusu ya nyama aliyowinda, lakini mahali anapochuma beri za manjano za kinamasini hakwambii, hata akiwa anakata roho atasema "huko nyuma tu", na baba yangu, Mzee Esau, ameficha kinamasi chake tangu kabla sijazaliwa, hata padri alipouliza alimwelekeza upande mwingine kabisa. Sasa magoti yake yamekwisha, kutoka njia ya reli ya zamani hadi kule hawezi tena kutembea, basi Agosti iliyopita akakubali shingo upande kubebwa na mume wangu Selby kwenye pikipiki yake ya magurudumu manne, na Selby, Mjomba, alikuwa ametoka kununua matairi yenye meno marefu kama vidole, kwa sababu wenzake wa gereji walimwambia kinamasi ni tope na tope linataka meno. Kaka yangu Garland, ambaye huja likizo kila Agosti kutoka Alberta, alimwambia taratibu kwamba matairi yale si ya kinamasi, naye Selby akayatazama matairi mapana ya Garland, akamjibu, "Shemeji, wewe endesha vibogoyo vyako, mambo haya tuachie wanaume."

Wakaingia, meno yakachana lile zulia la juu la majani na mizizi, Selby alipoona anazama akaongeza mafuta, ndiyo kwanza yakachimba, mpaka mashine ikakalia tumbo na baba yangu akawa ndani ya maji meusi hadi mapajani, wakaja kuvutwa kwa kamba kama magogo. Baba hakugomba. Alisema tu, "Mkwe wangu, umelima vizuri. Sasa panda viazi."

Aibu haikuishia hapo, kwani ile mifereji ilibaki wazi kama barabara ya serikali, kijiji kizima kikaifuata na ndoo, wakachuma hata mbichi, na majirani zetu akina Budgell wananisalimia kanisani kwa upole ambao hawakuwa nao zamani.

Sasa beri zinaanza kuiva tena. Baba ana sehemu nyingine, ndani zaidi, ambayo hakuna binadamu aliyeonyeshwa, na ameniambia atanionyesha mimi mwaka huu, maana mwakani hana hakika na magoti wala na mwenye magoti, ila hatapanda kitu kinachoacha alama. Garland amejitolea kutupeleka. Selby amenuna, anasema nikionekana juu ya pikipiki ya kaka yangu nimemvua nguo mbele za watu, na matairi yake hatoi ng'o, tena majuzi ameweka mengine makubwa zaidi kwenye magurudumu ya nyuma. Nimfuate nani, Mjomba, mume au kaka?

Ni mimi, Mwenye Ndoo Tupu.

*

Mwenye Ndoo Tupu,

Pole, binti yangu. Barua yako nimeisoma na kikombe cha chai mkononi, chai ikapoa, nikaipasha, ikapoa tena kwa hasira zangu. Mimi Leander nimeendesha malori Alberta, nimeendesha trekta Labrador, na kaskazini mwa Norway niliendesha mashine ya mchunga kulungu wa theluji kwa ustadi mpaka mzee wa watu akataka kunioza binti yake. Shule niliiacha mapema, nayo haikunitafuta. Lakini katika kuzunguka kwangu kote sijaona mtu anayevuka kinamasi kwa kukichimba.

Mwite huyo Selby aje asome. Umekaa, Selby? Wewe ni mtoto wa kisiwa hiki. Theluji ikifika kiunoni, ukienda kukagua mitego ya sungura unavaa viatu vipana vya theluji au unavaa viatu vya misumari? Haya. Na hao wenzako wa gereji wanavaa nini? Tope lina ardhi ngumu chini yake. Hapo meno yanashuka, yanaikamata, unatoka. Kinamasi ni ngozi iliyolala juu ya maji. Ukikanyaga kwa upana, inakubeba. Ukiichana, meno yako yatakamata nini huko chini, mizimu? Na ngozi hiyo haiponi upesi. Mifereji yako wataikuta wajukuu zako, na watauliza ni mpumbavu gani alipita hapa, na jina watatajiwa.

Tafuta tairi pana, la meno mafupi yaliyokaribiana, mpira laini wa kukanyagia lakini ubavu mnene, kwa sababu kabla ya kinamasi kuna kokoto za reli, nazo hukata. Hewa uipunguze mpaka kiwango cha chini kinachoruhusiwa kwenye kitabu cha mashine, tairi lijilaze kidogo, usipite hapo, litakuchomoka kwenye ringi. Na hilo la kuweka makubwa nyuma ukaacha madogo mbele, nani alikutuma? Mashine inayovuta kwa magurudumu yote manne ukiipa miguu isiyolingana inapigana yenyewe kwa yenyewe hadi gia zisagike. Siku hiyo utaniandikia wewe, na posta itakuwa imefungwa.

Sasa narudi kwako, binti, na usidhani umepona. Umeniandikia juu ya wanaume wawili na matairi yao, nani akubebe, nani anune. Mzee Esau amesema atamwonyesha nani? Garland? Selby? Amesema wewe! Kwani mikono yako ina nini? Wakati wa baridi nani huleta kuni hapo kwenu kwa mashine ya theluji? Nawajua wanaume wa Shoal Tickle, migongo huwauma ikifika Januari.

Kwa hiyo azima pikipiki ya Garland, Garland mwenyewe mwache. Hakikisha ni ya kubeba watu wawili, na mzee avae helmeti hata akikutukana. Nendeni Jumapili watu wakiwa kanisani. Mungu ataelewa, padri ndiye hataelewa. Fuata njia ya zamani, usikate mpya. Mafuta kidogo kidogo, usikate kona ghafla, gurudumu lisizunguke bure hata mara moja. Majani yakianza kutikisika mbele yako, zima, shuka, mpe mzee bega lako, mmalizie kwa miguu, hata kama itawachukua asubuhi nzima. Msimngoje mtu apoe hasira. Beri zikiiva hazingoji, na magoti ya baba yako hayangoji.

Selby abaki nyumbani aoshe chupa za jamu. Akisema umemvua nguo, mwambie alizivua mwenyewe mwaka jana na kijiji kikazifuata na ndoo. Ila chupa ya kwanza mpe yeye. Si mtu mbaya, ameharibiwa na gereji tu.

Na ukishaonyeshwa, binti yangu, usiniandikie ni wapi. Mdomo wangu naujua.

Mjomba Leander