Dirisha la Chumba cha Baba

Tarehe 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Kabla ya yote niambie magoti yanasemaje. Mimi sijambo, ila mgongo umeanza kudai heshima kama mkwe. Bado tunafunga madirisha kwenye lile jengo refu. Nashinda nikining'inia kwa kamba, vioo vinapandishwa, navipokea kama anayepokea mtoto wa watu.

Jumapili walituonyesha sinema kwenye bwalo la kambi. Mpishi alitundika shuka ukutani. Ni habari ya mwanamke mwenye duka la dawa. Mumewe alikuwa mgonjwa, asubuhi moja akakutwa amekufa, na kikombe cha dawa kiko kando ya kitanda. Dawa ilikuwa imezidishwa. Nani aliizidisha, mke au mgonjwa mwenyewe? Basi sinema nzima ni mahakama. Watu wanaulizwa, na kila anayejibu anaongeza giza. Mwisho mwanamke anaachiwa kwa kukosekana kwa ushahidi. Anarudi nyumbani, anakaa upande wa kitanda aliokuwa akilalia mumewe, anamimina maji kikombeni, anakunywa. Taa zikawaka. Hatukuambiwa kitu.

Ungesikia kelele! Kuna mwashi mmoja tunamwita Jaji, maana haachi kuhukumu watu. Akasema, "Kamuua huyo! Macho makavu kama kokoto!"

Mpishi akamjibu, "Kwani wewe mkeo akifa utalia ili tukuone?"

"Mimi sina mke."

"Ndiyo maana."

Watu wakavunjika mbavu. Mimi sikucheka. Yule mwigizaji, mama, sijui walimtoa wapi. Halii. Kila mwendesha mashtaka akimbana, yeye anakunja sweta lake magotini, analinyoosha kwa kiganja, analikunjua, anakunja tena. Shavu linamcheza kidogo, basi. Nikaona mtu ninayemjua. Wewe kizimbani ulikunja mtandio wako hivyo hivyo, pembe kwa pembe, kama nguo ya mteja. Na nyuma yangu shangazi akanong'ona, "Mtazameni, anapiga pasi."

Tangu uachiwe, mimi na wewe hatujawahi kuliongea. Nilisafiri, maisha yakaenda. Sasa kazi yangu ni madirisha, na kila nikifunga moja namwona baba ndani ya kile chumba, na jiko lako la mkaa wa pasi, na moshi uliomuua. Mahakamani ulisema hukumbuki nani alifunga dirisha. Dirisha la mbao huvimba wakati wa mvua, huweza kujifunga lenyewe. Labda ndivyo ilivyokuwa. Mama, usinikasirikie. Nani alilifunga lile dirisha?

Kitindamimba wako


Tarehe 2 Aprili

Kitindamimba wangu,

Marahaba. Magoti yamekuwa watabiri: mvua haijafika, yenyewe yameshapata habari. Wewe mgongo ukandwe kwa maji ya moto, usijifanye chuma. Nguo za wateja zinakuja, ingawa wale wa barabara ya juu hawajarudi tangu kesi. Dobi aliyeshtakiwa hata povu lake linaogopwa.

Barua yako nilianza kuisoma nimesimama, kisha nikakaa.

Polisi aliniuliza. Mwendesha mashtaka akaniuliza, "Wewe dobi, mkaa ndiyo kazi yako, hukujua moshi wake unaua?" Shangazi yako aliniuliza mbele ya jeneza. Wewe hukuuliza. Siku ninaachiwa ulinisubiri mlangoni, ukainama mbele ya watu wote, ukanifunga kamba ya kiatu, kisha ukanishika mkono tukaenda nyumbani. Mwanangu, nimeishi kwa mkono ule. Nilidhani huulizi kwa sababu unajua. Kumbe ulikuwa unaogopa jibu.

Basi nikujibu. Dirisha halikuvimba. Nililifunga mimi. Baba yako alikuwa anatetemeka kwa homa, akaniambia, "Lifunge hilo, mama watoto, baridi inaniingia kwenye mifupa." Nikamwekea jiko, nikafunga, nikatoka kuanua nguo maana wingu lilishatanda. Niliporudi nilimwita, hakuitika. Aliyoyasema nimeyasikia mimi peke yangu. Wakili aliniambia nikitaja kwamba nilifunga, nitajinyonga kwa ulimi wangu. Nikasema sikumbuki. Nakumbuka.

Na mkaa, ndiyo, nilijua. Lakini tangu nianze kazi hii nimelala na jiko chumbani siku ngapi za baridi, na nikaamka? Mtu huacha kukiogopa kinachomlisha.

Huyo mwanamke wa sinema ana mtoto? Mtoto huyo alimwuliza?

Mama yako


Tarehe 27 Aprili

Mama,

Shikamoo tena na tena. Nimekandwa kama ulivyoagiza, mpishi ana mikono kama ya kukanda unga, nimepiga kelele kambi nzima ikaja kutazama.

Barua yako niliisoma juu, kamba ikiwa kiunoni. Msimamizi akanifokea kwamba kioo kinasubiri. Kikasubiri.

Nilimwomba mpishi airudie ile sinema. Hana mtoto, mama. Safari hii nilitazama mikono yake tu. Jaji akaja kukaa karibu, "Umeona sasa? Muuaji." Nikamwuliza, mkono unaofunga kwa huruma na mkono unaofunga kwa hasira, unautofautishaje? Akasema, "Kwa uso wa mwenye mkono." Nikamwambia, kwa hiyo wewe hujawahi kumjua mtu. Tulikaribia kushikana, mpishi akatutenganisha kwa mwiko.

Mama, mimi nakuamini. Nataka ulale usingizi. Baba hakuwa mtu rahisi, sote tunajua. Siku zake za kunywa nilikuwa nalala na viatu miguuni, tayari kukimbia. Kwa hiyo hata kama siku ile mkono wako ulifunga kwa hasira, mimi sikuhukumu. Uwe ulifanya au hukufanya, wewe ni mama yangu na sina mwingine.

Nijibu upesi.

Kitindamimba wako


Tarehe 30 Juni

Mama,

Shikamoo. Je, ni magoti? Ni macho? Mwenzetu aliyekwenda likizo huko amerudi, anasema alikuona unaanika mashuka, na ulimwitikia salamu vizuri. Basi u mzima, na barua yangu ilifika.

Jengo tumelimaliza. Vioo vimejaa anga kila upande, huwezi kujua ndani kuna nini. Wanatuhamishia jingine.

Nilikwambia nakuamini. Nimekosa nini? Nitukane kama umekasirika, ila niandikie.

Mwanao


Tarehe 21 Julai

Mwanangu,

Salamu zako zimefika. Magoti yapo.

Nimechelewa kwa kuwa nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia bila ukali. Sijaipata.

Uliandika kwamba unaniamini. Mstari haujakauka ukaandika "hata kama." Hakimu aliponiambia haikuthibitika, niliibeba hukumu hiyo kama furushi la nguo chafu, nikasema si kitu, nyumbani ninaye mmoja asiyehitaji kuthibitishiwa. Sasa umenipa msamaha. Msamaha hupewa aliyetenda. Naurudisha, si saizi yangu.

Sikujua kwamba ulikuwa unalala na viatu. Hilo nimelilia peke yake, mbali na mengine.

Nimemwita fundi, ameling'oa dirisha la kile chumba na kuziba kwa tofali. Akaniuliza, "Mama, humu si kutakuwa giza?" Nikamwambia ajenge tu. Napigia pasi uani.

Ile sinema usiirudie tena. Yule dada kazi yake ni kukaa katikati, asijulikane ni mwema au mbaya, na kwa ulivyonieleza anaijua sana, nampongeza. Wakimaliza anavua yale mavazi anakwenda kwake. Mimi sina pa kuyavulia. Nilikuwa napo.

Kula vizuri. Kamba uifunge mara mbili, na uikague mwenyewe, usimwachie mwenzako hata akiapa. Ukirudi, njia unaijua.

Mjane wa baba yako